Maili Sita za Padri

Grand Prairie, 9 Februari 2025

Diane binti yangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi tu wazima, kasoro mafua ya Mama Mdogo wako Emérance, ambaye anasema ameambukizwa na kwaya nzima ya sauti ya pili. Mélissa anaendelea na shule. Juzi nilimuuliza kwa Kiswahili amekula nini, akanijibu kwa Kiingereza. Nikamuuliza tena kwa Kiswahili, akanijibu tena kwa Kiingereza, na hivyo ndivyo baba na mtoto tunavyoelewana humu ndani. Bibi Flaviana, yule mgonjwa wangu anayesafishwa damu Jumanne na Ijumaa, anakusalimu ingawa hajawahi kukuona. Nikiwa nampeleka hospitali kwa van ya kazini humwambia habari zako zote.

Najua utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Nimekupigia mara nne. Mara zote nne umesema, "Baba Mdogo niko bize, nitakurudia." Barua haiambiwi uko bize. Inakaa mezani inakutazama. Isitoshe, mkono huu ndio uliokufundisha kuandika kule kambini Mtabila, ukiwa na miaka saba na penseli fupi kuliko kidole, kwa hiyo soma.

Sasa lile jambo.

Siku ile ya tarehe mosi nilipotoka kwako Stafford kabla ya chakula, kwa sababu ya tumbo, nilishika barabara ya 45 kurudi huku. Katikati ya njia, kwenye kile kikaunti chenye ng'ombe wengi kuliko watu, nikaona taa nyekundu na za bluu nyuma yangu. Nikasimama kwa adabu. Nikavua kofia, nikafungua mlango nishuke nimsalimie ofisa kama mtu mzima anavyoisalimia serikali. Mama yangu! Akapiga ukelele nibaki ndani, mikono juu ya usukani. Basi nikamsalimia kupitia dirishani. Baada ya hapo alikuwa kijana mpole tu. Akanipa karatasi: maili tisini na moja kwa saa, mahali pa sabini na tano.

Natakiwa niijibu mahakama ya kaunti ile kabla ya tarehe 3 Machi. Mélissa anasema nilipe kwenye kompyuta yaishe. Lakini mkubwa wetu wa kazi alishatuambia: kila Juni wanakagua rekodi za leseni zetu, na dereva mwenye kosa la mwendokasi anashushwa kwenye usukani. Nikishushwa narudi ghalani kubeba maboksi, na mgongo huu ulishaniambia hauendi huko tena. Wewe unakaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, makaratasi ya Wamarekani unayajua. Nifanyeje?

Baba yako mdogo, tumbo limepona,
Balthazar


Stafford, 16 Februari 2025

Shikamoo Baba Mdogo,

Pole sana, na pole kwa Mama Mdogo na mafua yake. Mimi mzima, kazi tu. Heritier anakusalimu. Wazazi wake wameanza kuulizia watu wetu watakuwa wangapi siku ya posa, tarehe 21 Juni. Ninyi Warundi mnakuja wangapi, wanauliza, na mimi nawajibu kwamba Warundi hawahesabiwi, wanapikiwa.

Lakini Baba Mdogo, maili tisini na moja! Wewe! Wewe ambaye ukitupeleka misa tunafika padri anasema "Nendeni na amani"! Nimesoma barua yako mara tatu nikidhani ni ya mtu mwingine.

Haya, nisikilize vizuri. USILIPE. Ukilipa tu umekiri, na kosa linaingia kwenye rekodi moja kwa moja. Kuna njia ya kozi ya udereva salama, saa sita kwenye kompyuta. Kwenye ile fomu kuna vijisanduku vitatu: nimekosa, sikukosa, sipingi. Piga tiki "sipingi", omba kozi, weka nakala ya leseni na ya bima pamoja na ada ya mahakama, tuma. Ukimaliza kozi unapeleka cheti, kesi inafutwa, na hao wakubwa wako wa kazi hawataona kitu.

Ila kozi hiyo ina mpaka. Dereva aliyefika maili tisini na tano hapewi. Wewe umeandikiwa tisini na moja. Umeponea chupuchupu, mshukuru Mungu na ufunge mdomo. Tiki, sahihi, bahasha. Usiongeze hata neno moja, nakujua.

Swali dogo tu. Siku ile ulipokwenda kunywa maji jikoni kwangu, glasi uliiona? Sina maana yoyote, nauliza tu.

Binti yako,
Diane


Grand Prairie, 25 Februari 2025

Diane mwanangu,

Huku baridi imerudi, na Mama Mdogo wako amerudi kwaya, kwa hiyo mmoja ameondoka na mwingine ameingia. Mélissa amepata alama nzuri za hesabu. Bibi Flaviana amelazwa siku mbili, akatoka, akagombana na mimi kwa sababu dereva aliyenishikia zamu alisahau blanketi lake. Nikafurahi kugombezwa.

Fomu nimeituma jana. Tiki "sipingi", nakala, kozi nimeomba, kila kitu kama ulivyoagiza. Asante sana. Ulivyo na akili, sijui ulizitoa wapi.

Ila sasa pale chini ya fomu palikuwa na nafasi ndogo ya maelezo, mistari miwili. Mtu mzima anajielezaje kwa mistari miwili? Nikaona si adabu kumwendea hakimu mikono mitupu, bila hata salamu. Nikaambatanisha barua. Kurasa nne tu. Nimemsalimu, nimemuulizia watu wake na mvua za huko, nimemsifu yule ofisa kwa malezi yake, ndipo nikaeleza kosa langu.

Na kosa nimelieleza lote. Unajua, Diane, yule kijana alinipima nikiwa nimeshaanza kupunguza. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye dashibodi. Ilisoma tisini na saba. Nikasema nitakaaje na tisini na moja ya watu wakati tisini na saba ni yangu? Msema kweli ni mpenzi wa Mungu.

Mélissa amenitafsiria ukurasa wa kwanza na nusu ya wa pili, kisha akasema ana homework. Zilizobaki nimeziacha kwa Kiswahili. Mahakama ya nchi kubwa kama hii haikosi mtu wa Kiswahili. Ile namba, kwa bahati nzuri, iko ukurasa wa kwanza.

Glasi niliiona.

Baba yako mdogo,
Balthazar


Stafford, 3 Machi 2025

Baba Mdogo!!!

Ngoja nianze vizuri. Shikamoo. Hamjambo? Sisi hatujambo. Heritier hajambo.

BABA MDOGO! Nilisema usiongeze neno moja, wewe umeongeza kurasa nne! Nilisema mpaka ni tisini na tano! Tisini na saba ni zaidi ya tisini na tano! Ofisa wa watu amekuandikia namba ya kukuokoa, wewe umeishika ukamrudishia! Hakuna mtu Texas nzima, tangu magari yaje, aliyewahi kumwandikia hakimu kwamba polisi amempunja mwendo!

Nimempa mwenzangu wa kliniki habari hii kwa Kiingereza, hakuamini. Nimempa Heritier kwa Kiswahili, akakaa chini. Alipomaliza kucheka akauliza, "Na kazi yake?" Ndipo na mimi nikakaa chini.

Piga simu mahakamani leo hii. Sema barua iliandikwa na mtu mwenye homa.

Diane


Grand Prairie, 20 Machi 2025

Binti yangu Diane,

Salamu za Kwaresma. Emérance amefunga nyama, Mélissa amefunga peremende, mimi nimefunga kugombana, ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Nilisubiri hasira zako zipoe, na zangu pia.

Sikupiga simu. Wao ndio wamepiga. Karani, dada mmoja mwenye sauti ya upole, amesema hakimu amesoma barua mpaka pale Mélissa alipoishia, na anataka nifike mwenyewe niieleze. Alhamisi, tarehe 10 Aprili, saa tatu asubuhi. Nije na mtu wa kunitafsiria, maana Kiswahili hawana. Kaunti ni ndogo, hakimu atakubali hata ndugu, mradi ale kiapo.

Sasa usikasirike tena. Nimekuwa katekista miaka thelathini na mmoja. Watu wangapi nimewaambia kwamba maungamo ya nusu ni dhambi ya pili? Kule Mtabila alikuja mtu ameiba kuku wanne anataka kuungama watatu. Nilimrudisha nyumbani akamfikirie wa nne. Leo mimi ndiye nibaki na maili mfukoni?

Lakini naogopa, mwanangu. Nakuambia wewe tu. Juni si mbali. Jumanne nilimfunga Bibi Flaviana mkanda, akaniambia dereva akibadilishwa na yeye anaacha kwenda kusafishwa. Alikuwa anatania. Mimi sikucheka. Kazi hii ndiyo ya kwanza katika nchi hii ambayo nikirudi jioni mtu anajua jina langu.

Njoo unitafsirie. Kama huna nafasi niambie, nitamwomba Gelasius, kaka wa marehemu mama yako, yule wa ofisi kubwa Plano. Nasikia siku hizi yeye ndiye hodari wa kusema mbele za watu.

Baba yako mdogo,
Balthazar


Stafford, 27 Machi 2025

Shikamoo Baba Mdogo,

Nitakuja. Nimeomba ruhusa kazini. Kutoka hapa ni mwendo wa saa mbili na nusu tu, tutakutana mlangoni mwa mahakama saa mbili na nusu asubuhi. Usimwombe Mjomba Gelasius.

Na nani amekuambia habari za Mjomba Gelasius? Acha, usijibu.

Masharti yangu ni mawili. La kwanza, ufupishe. Kwenye harusi ya Armel uliombwa neno la baraka, ukaanzia Adamu, na ulipofika kwa Ibrahimu aiskrimu ilikuwa imeshakuwa maziwa. La pili, hakimu asipokuuliza namba, usiitaje. Kunyamaza si uongo. Yesu mwenyewe mbele ya Pilato alinyamaza.

Kazi yako naipenda kuliko unavyoipenda wewe. Mama Mdogo nimempigia, ananifungia chapati.

Diane


Stafford, 13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Shikamoo Baba Mdogo,

Siku ile nilifika salama. Heritier anasema niliingia mlangoni nacheka na kulia, hakujua anipokee na kipi. Mwambie Mama Mdogo chapati zake zilikwisha kabla sijatoka ndani ya ile kaunti.

Nina kosa la kukiri, na nimeona bora niliandike mimi kabla hujaliandika wewe. Niliinua mkono nikaapa kutafsiri kila neno. Ulipoanza na salamu, ukamtakia hakimu heri ya Kwaresma, ukamuulizia mvua na ng'ombe na watoto, mimi nikasema kwa Kiingereza, "Anakusalimu." Ukanigeukia mbele za watu: "Binti, mimi nimesema maneno hamsini, wewe umesema moja. Mengine umempelekea nani?" Yule mama hakimu, na miwani yake ya kamba, akauliza umesema nini. Ikabidi nimwambie. Benchi zima likacheka, hata yule bwana wa kofia pana aliyekuja kwa kesi ya trela lisilo na taa.

Hilo ni dogo. Ulipofika kwenye namba, niliogopa. Ulisema tisini na saba kwa sauti ya kanisani. Mimi nikasema, "Alikuwa anakwenda kasi sana." Nikaishia hapo. Niliuona mgongo wako na yale maboksi, na ulimi ukakataa. Nawe, ambaye miaka yote unaniambia Kiingereza chako ni cha kufunga mikanda na kuangalia ngazi, ukanyoosha kidole ukasema kwa Kiingereza hicho hicho, "Mheshimiwa, kuna namba imebaki mdomoni mwa binti yangu. Tisini na saba." Nilitamani ardhi ipasuke.

Hakimu akavua miwani. Wakati ule sikukutafsiria vizuri, kwa hiyo nakuandikia yote sasa. Alisema hivi: "Mzee, mimi nahukumu alichoandika ofisa. Ofisa ameandika tisini na moja, na hapa mwendo hauongezwi na mshtakiwa. Hizo maili sita zilizobaki mpelekee padri wako." Kisha akauliza, "Unataka mahakama hii ikufanyie nini?"

Ndipo ukasimama wima, kofia kifuani. Sijui kama unakumbuka ulivyosema. Mimi nakumbuka. Ulisema, "Mheshimiwa, siku ile niliwapita watu wengi nisiowajua, na kila mmoja ana anayemsubiri nyumbani. Barabara ni ya wote, mimi niliipita kama nimeijenga. Mungu aliwakinga na mimi. Siombi kuachiwa. Naomba kufundishwa." Ukakaa. Hata dakika moja haikufika! Nilitafsiri kila neno, hata lile la mwisho. Karani aliacha kuchapa. Yule bwana wa kofia pana alikuja kukupa mkono, na hakimu akasema kozi umepewa, siku tisini.

Halafu akauliza, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "Na ulikuwa unakimbilia wapi?" Ukajibu, "Hilo, Mheshimiwa, ni la nyumbani kwetu." Nikatafsiri vilevile. Akakubali kwa kichwa, akaita kesi nyingine.

Kule kwenye maegesho nilitaka kukuuliza. Ukanikumbatia, ukaanza kunihubiria habari za oili ya gari langu. Basi nauliza kwa barua, kwa kuwa barua haiambiwi uko bize. Ulikuwa unakimbilia wapi, Baba Mdogo?

Binti yako,
Diane


Grand Prairie, 4 Mei 2025

Diane,

Pasaka ilipita salama, na sisi tupo. Emérance aliimba Aleluya mpaka sauti ikarudi ilikotoka, sasa anaongea kwa mikono. Bibi Flaviana alinipa yai la chokoleti, nikalikalia kwenye van.

Kozi nimeimaliza. Saa sita zimenichukua siku nne, kwa sababu yule mtu wa kwenye video anaongea upesi, na mimi nilikuwa naandika. Nina daftari zima. Mélissa alijitolea kunibofyia majibu tuokoe muda. Nilimtazama tu, akaenda kuosha vyombo bila kuambiwa. Nimepata tisini na sita kwa mia. Cheti na rekodi ya leseni nimetuma mahakamani, bila barua. Bahasha imeondoka nyembamba mpaka nikaionea huruma.

Maili sita nimempelekea padri. Alicheka kwanza, Mungu amsamehe. Kisha akaniuliza kama hakimu: ulikuwa unakimbilia wapi? Yeye sikuweza kumwambia ni la nyumbani. Nikamweleza. Akanipa malipizi: nikuandikie wewe. Hii ni wiki ya pili nakaa na kalamu.

Haya. Tumbo halikuuma siku ile. Nilikwenda jikoni kwako kunywa maji, na kwenye mlango wa friji nikaona kadi ya ratiba ya posa. Ukumbi, saa, chakula. Nikafurahi. Nikasoma mpaka chini: "Msemaji wa familia ya binti: Gelasius."

Sikuwa na haraka ya kufika Grand Prairie. Nilitaka tu kuwa mbali na friji lako.

Iliniuma, Diane. Iliniuma sana. Si kwa sababu ya Gelasius, yeye ni mtu mwema na suti zake zinamkaa. Hotuba ile ya kukusemea mimi nimeitunga tangu ukiwa na miaka sita, siku ile kaka yangu, baba yako, alipokuwa ameshazikwa wakakuleta mlangoni kwangu na gauni moja, ukakataa kula mpaka nikae nawe chini. Kila mwaka naongeza kidogo. Nikiendesha gari peke yangu huwa naisema kwa sauti. Siku ile nilianza kuisema kama kawaida, nikakumbuka kwamba haina kazi tena, na mguu ukakanyaga. Tisini na saba niliiona kwa sababu nilikuwa natafuta mahali pa kutazama.

Nimemaliza. Hujanikosea kitu. Binti ana haki ya kumchagua anayemsemea. Malipizi yametimia, na chakula cha ukumbini tutakuja kula wote.

Balthazar


Stafford, 11 Mei 2025

Shikamoo Baba Mdogo,

Leo sina habari za kliniki wala za mtu yeyote. Nisamehe, naingia moja kwa moja.

Nilijua. Usiku ule ule wa tarehe mosi nilijua. Nilikwenda kuchukua maziwa nikaikuta ile kadi imegeuzwa, uso kwenye friji, mgongo kwangu, na sumaku yake imerudishwa vizuri kwa adabu kama unavyofanya mambo yako. Nilijua kwa nini hukula. Nikaandika barua ya glasi kwa sababu nilikosa ujasiri wa kuandika ya kadi. Ulipojibu "Glasi niliiona," nilikaa bafuni nusu saa.

Nitakuambia kwa nini nilimweka Mjomba Gelasius, na utakasirika, na una haki. Niliona aibu. Mzee Déo, baba yake Heritier, ni mtu wa Uvira aliyesoma, na kaka zake vilevile. Niliogopa utasimama uwaeleze habari za kambi, na gauni moja, na kukataa kwangu kula. Niliogopa utaanzia Adamu. Nikasema Mjomba ataongea dakika tano za Kiingereza safi, watu watapiga makofi, watakula. Hivyo ndivyo nilivyowaza, mimi niliyekulia mgongoni kwako.

Halafu nikakusikia mahakamani. Mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza pale, na mimi ndiye niliyeona aibu kwa uchache wa maneno yangu. Mtu hata mmoja wa kwetu hakuwepo, na wote walinyamaza kukusikiliza. Nilijiuliza nimemnyang'anya nani nafasi yake, na nimempa nani.

Mjomba Gelasius nimempigia mwenyewe. Niliogopa atachukia. Kumbe alikuwa hapati usingizi! Ameniambia hajui mtoto wa kike anasemewaje kwa Kiswahili, kwa hiyo alitengeneza picha za kurusha ukutani, ya kwanza imeandikwa "Malengo ya Familia". Amesema asante mara tatu. Atashughulika na vinywaji.

Naye Mzee Déo, Heritier alimsimulia kesi ya maili tisini na saba, neno kwa neno. Akauliza, "Huyo papa wa binti ndiye atakayesema nasi? Basi tutafute na sisi mtu wa kweli." Wamekuwa na vikao viwili tayari. Wanakuogopa.

Kwa hiyo napiga magoti kwa maandishi. Tarehe 21 Juni, nisemee. Nakupa dakika ishirini. Kambi uitaje, gauni ulitaje. Na kama ni lazima uanzie Adamu, basi anzia Adamu.

Diane


Grand Prairie, 18 Mei 2025

Diane,

Emérance ndiye aliyeisoma barua yako kwa sauti, maana mimi miwani ilikataa. Alipofika kwenye magoti, sauti yake ikakata tena, na safari hii si Aleluya. Ikabidi Mélissa amalizie. Alisoma kwa Kiswahili, kurasa zote mbili. Wote watatu tuliusahau wali mezani, ukapoa.

Karatasi ya mahakama imefika Alhamisi. Kesi imefutwa. Yule dada karani ameandika chini kwa kalamu kwamba wamenisalimu. Nimeionyesha kazini, mkubwa wetu amesema niendelee na zamu zangu, na Bibi Flaviana amedai yeye ndiye aliyeniombea, kwa hiyo namwachia sifa hizo.

Kuhusu lile ombi lako. Nilikuwa na majibu ya hasira niliyoyatunza tangu Februari, mazuri kweli. Nimeyatafuta leo, sijayaona. Nimekubali, mwanangu. Nimekubali kabla hujamaliza kuomba. Dakika ishirini zinanitosha: kumi na tano za kusema na tano za kusubiri niweze kusema. Aibu uliyoona nimeisikia, na nimeisamehe. Usiibebe tena, hasa siku hiyo, utaharibu picha.

Kuna kazi nakupa, na uifanye wiki hii. Niandikie jina la babu yake Heritier, na la baba wa babu huyo, na walitoka kijiji gani kabla ya Uvira. Uliza pia kama kwao kuna mtu aliyewahi kumwacha mke barabarani. Gelasius asingeuliza hayo. Mimi siwezi kusimama mbele za watu nikamtoa binti yangu bila kujua nampa nani.

Baba yako,
Balthazar